Jinsi Justa Alivyojifunza Kutopokea Simu

Ukifika Geita mjini ukauliza ni nani aliyeanzisha ile ofisi ya kutengeneza podikasti, utaambiwa ni Justa. Usibishane nao, ni watu waliohamia juzi. Ofisi ile niliianzisha mimi, Athanas, mjomba wake, siku nilipompa chumba namba sita katika gesti yangu. Yeye alileta maikrofoni moja, kompyuta yenye ufa kwenye kioo, na akili. Mimi nilileta magodoro. Sasa niambie, bila magodoro kungekuwa na nini?

Usicheke. Gesti yangu imepakana na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Zikianza kunguruma asubuhi, kikombe kinatembea mezani chenyewe. Justa aliyasimamisha magodoro manane ukutani na la tisa akaliegemeza mlangoni, na tangu siku hiyo ukiingia mle unajiona kama umo ndani ya andazi. Kelele zote zinafia nje. Wageni wangu walilala wawili wawili kwa mwezi mzima kwa ajili ya maendeleo, na wala hawakupewa cheti.

Kwa wale ambao bado hamjaelimika, podikasti ni redio isiyokupita. Unaisikiliza ukitaka, ukichoka unaisimamisha, na ukirudi unaikuta pale pale ulipoiacha. Mke wangu anasema mimi nami ningetengenezwa hivyo. Watu wa mjini wanaipata kwenye simu zao kubwa. Wafugaji wa Kishapu, wenye simu za vitufe, wanaingiziwa kwenye kadi ya memori na yule kijana anayeuza nyimbo mnadani, kisha wanakwenda nayo machungani. Kwa hiyo ng'ombe wa Kishapu wana elimu kuliko baadhi ya wasomaji wangu.

Justa ni mtoto wa dada yangu Suzana, mzaliwa wa Samuye. Alisomea uandishi wa habari, akafanya kazi redioni miaka minne, akachoka kusoma matangazo ya sabuni. Alipofikisha miaka thelathini na mbili alikuwa na mume anayeendesha lori la mafuta, mtoto mmoja wa kike aitwaye Nelly, na vipindi vitano vya watu wengine vya kuvitengeneza kila wiki. Kimoja kilikuwa cha Donatus, mnunuzi wa dhahabu, anayewafundisha watu kupanga muda wao. Huyo alikuwa akimpigia Justa simu saa kumi na moja alfajiri kumwambia wazo lililomjia bafuni.

Lakini kipindi kikubwa, kile kilichokuwa kikiwalisha wote, kilikuwa cha Mzee Mageni wa Kishapu. Mzee huyu ana ng'ombe mia tatu na maneno zaidi ya hao ng'ombe. Chama cha ushirika cha wafugaji na wakulima wa pamba kilimwomba azungumze kila Jumanne juu ya malisho, magonjwa ya mifugo na bei, na kikamlipa Justa amrekodi. Kipindi kile kikiondoka, vile vinne vilivyobaki havitoshi hata umeme.

Justa alifanya kila kitu peke yake. Alirekodi, akakata, akasafisha sauti, akaandika maelezo, akapokea simu. Si kwamba hakuwa na watu. Alikuwa amemwajiri Marwa, fundi wa sauti kutoka Tarime, mtu mzima mwenye sharubu zake, aliyepiga muziki kwenye harusi miaka kumi. Alikuwa amemwajiri na Aneth, binti wa wakulima wa tumbaku wa Ushetu, mwenye ulimi mwepesi na mwandiko mzuri. Kwa miezi mitano Marwa alibeba nyaya na Aneth alichemsha chai. Kwa maneno mengine, mpwa wangu aliajiri watu wawili wamtazame akifanya kazi.

"Muachie Marwa akate hicho," nilimwambia siku moja.

"Mjomba, nikimwachia itabidi nirudie."

"Umeshawahi kurudia?"

"Sijawahi kumwachia."

Ona jibu hilo. Na ndiye aliyesoma.

Halafu akashika mimba. Mimba ilipoingia mwezi wa sita, miguu ikavimba hadi viatu vikamkataa, akaenda kliniki. Muuguzi akampima presha mara mbili, akavua miwani, akamwambia, "Nenda kwa mama yako ukalale. Na simu iache huku."

"Nitakwenda nikimaliza kipindi cha Jumanne," Justa akasema.

Muuguzi akalifungua faili la Justa ukurasa wa nyuma. "Mara iliyopita ulisema hivyo hivyo?"

Hapa naacha utani kidogo. Miaka miwili nyuma Justa alipoteza mimba ya miezi sita. Maumivu yalimwanza saa nne asubuhi mle chumba namba sita, naye akasema amalize kwanza kukata kipindi cha Donatus. Alimaliza saa saba. Alipofika hospitali kulikuwa hakuna tena cha kusubiri. Kipindi kilitoka kwa wakati na Donatus alikisifu sana. Sijawahi kumsikia Justa akilizungumza jambo hilo, na mimi, ambaye huzungumza kila kitu, sijawahi kumuuliza.

Alirudi kutoka kliniki, akakaa kwenye kitanda cha mapokezi, akaniambia, "Mjomba, nikiondoka ofisi inakufa. Nikibaki, anakufa huyu."

Ndipo nilipompa ushauri ambao leo anaufundisha kwenye semina bila kunitaja. Nilimweleza juu ya duara. Ujanani nilichimba dhahabu kule Nyarugusu, na shimo letu, ambalo sisi wachimbaji tunaliita duara, lilikuwa na urefu wa minazi mitatu kwenda chini. Kuna anayegonga mwamba, kuna anayefunga magogo yasiporomoke, kuna anayejaza mifuko, na juu kabisa kuna mtu wa winchi. Mtu wa winchi hashuki kwenda kutazama yule wa chini anashikaje nyundo. Akishuka, nani atawavuta wote wawili?

Justa alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Sikumwambia kwamba mimi winchi ile nilinyang'anywa baada ya wiki tatu kwa sababu niliiacha nikaenda kuamkiana na binamu yangu. Mwalimu hahitaji kusema yote.

Alichukua karatasi za manila, saba, akazijaza maandishi na kuzibana kwenye magodoro kwa pini. Ya kwanza ilisema nani anafanya nini: Marwa anarekodi na kukata, Aneth anasema na wateja. Ya pili ilisema simu za wateja zinapokelewa saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili. Donatus alipoisoma aliuliza kama dakika mbili hizo ni pamoja na utangulizi. Ya tatu ilieleza jinsi ya kukata: ondoa vikohozi, ondoa kimya kirefu, ondoa kila kitu kilichosemwa kabla mzungumzaji hajaingia kwenye mada. Ya sita ilisema kosa likitokea, aliyekosea ndiye anayekwenda kuomba radhi pamoja na Aneth, na mwenye ofisi haitwi. Na ya saba, iliyokuwa karibu na mlango, iliandikwa kwa kalamu nyekundu: *Mjomba haingizi wageni chumbani wakati wa kurekodi.* Jina langu likakaa ukutani kama la shujaa wa vita.

"Hii ndiyo mipaka, Mjomba," akaniambia.

"Mipaka mimi naijua ya mashamba, na hiyo huishia mahakamani."

"Hii itaishia leba," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akacheka.

Akaitoa laini yake ya simu, akampa Aneth. Yeye akabaki na kisimu kidogo cha vitufe, na namba yake akawapa watu watatu tu. Wa kwanza mumewe, wa pili yule muuguzi. Wa tatu nilikuwa na hakika ni mimi. Alikuwa ni fundi cherehani anayemshonea Nelly sare. Jumapili akamchukua Nelly, akaenda Samuye kwa mama yake.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda, maana kipindi cha Jumanne hiyo Justa alikuwa amekiacha tayari. Wiki ya pili Marwa akafika kwenye kipindi cha Mzee Mageni.

Sasa, ili mwelewe kosa la Marwa lazima mjue Msukuma mzee anavyoanza kuzungumza. Haanzi. Kwanza anasalimia. Anawaambia mwangaluka walioamka salama, na wale ambao hawakuamka salama anawapa pole. Anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za ndama mmoja mmoja ikibidi, za mvua, za upande wa wakweze. Ananyamaza kidogo kila baada ya swali, ili msikilizaji aliye machungani apate nafasi ya kujibu "mhola", yaani ni salama. Na wanajibu kweli, nimewaona, wanaijibu simu. Salamu za Mzee Mageni zilikuwa zikichukua dakika nne na nusu, na Justa hakuwahi kuzigusa hata siku moja. Lakini hakuandika popote kwamba zisiguswe. Utaandikaje kitu kama hicho? Ni kama kuwaandikia watu wasisahau kupumua.

Marwa akaisoma karatasi ya tatu kwa uaminifu wote. Kila kitu kabla ya mada. Akakata dakika nne na nusu safi kabisa, akafurahi. Jumanne asubuhi, mnadani na machungani na majikoni, maelfu ya watu wakasikia sauti ya Mzee Mageni ikisema bila hata pumzi: "Ugonjwa huu hauna huruma."

Alikuwa anazungumzia kupe.

Lakini kwetu, mtu mzima anayekuja kwako akasema bila kusalimia, amebeba jambo moja tu. Kuna mtu amekufa. Na msiba hauulizwi kwa simu, ni aibu. Unachukua unga wako, unachukua mkeka wako, unakwenda.

Jumatano jioni, simu yangu ikalia. Ilikuwa saa kumi na moja, Aneth ameshafunga ya ofisi, kwa hiyo mzee akaitafuta yangu.

"Athanas."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa kwangu amekufa nani?"

"Mzee, mimi nitajuaje?"

"Hata mimi sijui. Lakini waombolezaji nimenao hapa tangu jana, sitini na watatu, na ninaona wengine wanapandisha na bonde lile."

"Si uwaambie hakuna msiba?"

"Nimewaambia! Wanasema uchungu umenizidi. Shemeji yangu ananishika mkono ananiambia lia tu. Nimechinja ng'ombe wawili, Athanas. Wawili! Mtu aliyekuja kukulilia utamrudisha na njaa?" Akavuta pumzi. "Yule msichana wa simu nilimpigia mchana, akasema watakuja wao. Wao ni nani? Mimi nilikubaliana na Justa. Aje Justa mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya Jumamosi. Asipokuja, nauambia ushirika utafute watu wengine."

Nami, kwa jinsi ninavyopenda kuleta amani, nikamjibu, "Atakuja, mzee. Nakuhakikishia."

Alhamisi asubuhi nilikwenda kugonga chumba namba sita. Kimefungwa. Nikafungua kwa funguo za gesti: Marwa hayupo, Aneth hayupo, hata maikrofoni haipo. Nikajua wametoroka. Basi kwa kuwa mwanamume aliyebaki kwenye kampuni nzima ni mimi, nikapanda basi kwenda Samuye.

Dada yangu Suzana alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, anapepeta dengu. Alikilinda kile kizingiti kama askari wa benki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na habari ya ugonjwa au ya kazi?"

"Nimekuja kusalimia tu."

"Umetoka Geita hadi hapa kusalimia. Wewe ambaye kwenye arobaini ya baba ulichelewa."

"Dada, mambo ya zamani hayo."

"Salamu zimefika. Kunywa uji, urudi."

Kutoka ndani sauti ikasema, "Mama, mwache aingie. Akibaki na siri atapasuka, halafu nani atafagia?"

Nikamkuta amelala upande wa kushoto kama alivyoagizwa, uso umejaa, vidole vimekuwa vinene hadi pete imehamia kwenye kamba shingoni. Nelly alikuwa sakafuni anachora ng'ombe. Nilikuwa nimejiapiza kusema kidogo kidogo. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, pamoja na wale ng'ombe wawili, pamoja na shemeji mwenye kushika watu mikono.

Mwanzoni alicheka. Nilipofika kwenye Jumamosi akaacha kucheka.

"Samuye hadi kwa Mzee si mbali," akasema taratibu.

"Nusu siku tu kwenda na kurudi, na pikipiki nimeshaulizia," nikasema, na nilipolisema hilo nilimwona dada yangu amesimama mlangoni na ungo mkononi.

Justa akajiinua akakaa. Akaitafuta kandambili kwa mguu. Akaipata moja. Nyingine Nelly alikuwa ameikalia.

"Mama, unakwenda ofisini?" Nelly akauliza.

Justa alikaa vile, kandambili moja mguuni, mkono juu ya tumbo, na mimi niliona jinsi mshipa wa shingoni ulivyokuwa ukipiga. Mimi, na hili liandikwe, sikusema neno.

"Mjomba," akasema mwishowe, "karatasi ya sita inasemaje?"

"Aliyekosea ndiye anayekwenda. Lakini hao wametoroka, Justa!"

"Maikrofoni ulisema haipo?"

"Haipo."

"Mtu anatoroka na maikrofoni na stendi yake?" Akaivua ile kandambili. "Wamekwenda Kishapu."

"Na kama wakiharibu? Mzee anakutaka wewe."

"Mzee anataka kusalimiwa. Mimi nilikosea kuandika, Marwa akakosea kukata. Nikienda leo, kila Alhamisi nitakuwa nakwenda." Akalala tena, akageukia ukutani. "Nenda ukiweza, lakini usimwambie mtu yeyote la kufanya. Na usiniletee majibu."

"Nisikuletee majibu?"

"Nitasikia Jumanne, kama watu wengine."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini shuka lilikuwa limekunjwa ndani ya ngumi yake, na alipokuwa amegeuka vile sikuona uso.

Nilifika kwa Mzee Mageni alasiri. Uwanja umejaa, masufuria ya msiba yanachemka, na waombolezaji wasio na maiti wamependeza kwa kula. Katikati nikamwona Marwa, sharubu zimelowa jasho, amechutama mbele ya bibi mmoja. Aneth yuko nyuma yake anamnong'oneza maneno ya Kisukuma. Adhabu aliyopewa ilikuwa ndogo tu: amsalimie kila mtu aliyekuja, mmoja mmoja, salamu kamili.

"Kwenu Tarime hamsalimiani?" mzee mmoja akamuuliza.

"Tunasalimiana, mzee. Ila tunafupisha."

"Mnawahi wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Kila Marwa alipojaribu kusimama, sauti ikatoka pembeni, "Bado! Hujamuuliza habari za ndama!" Alikuwa amefika kwa mtu wa arobaini na moja. Na maikrofoni ilikuwa wapi? Kwenye stendi yake, katikati ya uwanja, taa nyekundu inawaka. Mkurya yule alikuwa anarekodi adhabu yake mwenyewe.

Alipomaliza wa mwisho, Mzee Mageni akakaa sawa kwenye kiti chake. "Haya. Kijana ameomba radhi, nimeipokea. Justa yuko wapi?"

Aneth akapiga goti. "Hatakuja, mzee."

"Athanas aliniahidi kwamba atakuja." Watu wote wakanigeukia.

"Mjomba hana kazi ofisini kwetu," akasema Aneth.

Maneno hayo yalisemwa mbele ya watu zaidi ya sitini, na mmoja wao ananidai mbuzi. Nikatazama masufuria.

"Basi hakuna kipindi," Mzee akasema. "Mimi sikai na watumwa wa mtu. Nakaa na mwenyewe."

Hapo nikaona kazi yote inazama. Marwa alikuwa ameanza kukunja nyaya. Aneth hakuinuka. Akasema, kwa adabu zote, macho chini, "Samahani, mzee wangu. Jana uliponipigia simu, hukuniuliza habari za nyumbani."

Mwenye mwiko akauacha ndani ya sufuria.

"Ulianza na kosa letu," akaendelea. "Ungeniuliza habari za Justa, ningekwambia. Ana mimba ya miezi sita na presha, kliniki wamemwambia alale kwa mama yake. Iliyopita ilitoka akiwa kazini. Ndiyo maana hatakuja. Hata ukikivunja kipindi, hatakuja."

Bi Rhoda, mke mkubwa wa mzee, akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. "Mageni! Unamwita mjamzito mgonjwa aje akusalimie wewe?"

"Sikujua!"

"Hukuuliza! Binti wa watu kasema, hukuuliza!"

Yule shemeji wa kushika mikono ndiye aliyeanza kucheka, kisha uwanja wote. Mimi nikawa nahesabu mbavu za mbwa wa mzee. Halafu Mzee Mageni akamwambia Aneth ainuke, na akamuuliza habari za nyumbani. Zake, za wazazi wake Ushetu, za tumbaku, za Justa na tumbo la Justa, za Marwa na mke wa Marwa. Alimuuliza kwa dakika kumi. Mwisho akasema, "Jumanne mtakitoa nyie wawili. Kikiwa kibovu, tunaachana. Kikiwa kizuri, sitamtafuta Justa mpaka ajifungue."

Sikupeleka majibu Samuye. Ninajivunia hilo kuliko dhahabu yote niliyochimba, ambayo kwa kweli haikuwa nyingi. Jumanne asubuhi nilikwenda na kadi ya memori tu mfukoni, nikampa Nelly, Nelly akampa mama yake, nami nikakaa uani na dada yangu.

Kipindi kilianza na salamu. Dakika tisa. Sauti ya Marwa ikiwasalimia watu kwa Kisukuma chake cha kuvunjika vunjika, kicheko cha wazee, "hujamuuliza habari za ndama", kisha Mzee Mageni mwenyewe akasema, "Poleni kwa msiba ambao haukuwepo. Sasa tuzungumze kuhusu kupe." Wafugaji wanakirudia kipindi kile hadi leo.

Lakini kilikuwa na makosa. Hata mimi, ambaye sikio langu la kulia liliharibiwa na baruti, niliyasikia. Kuna mahali jogoo aliwika nusu, nusu nyingine ikakatwa. Kuna mahali upepo uliingia kwenye maikrofoni kama mtu anayepasua turubai. Dirishani nilimwona Justa akikunja uso kwa yule jogoo. Kwenye upepo mkono wake ukakichukua kile kisimu kando ya mto. Kidole gumba kikabonyeza sifuri, saba, nne. Namba ya Marwa aliijua kwa kichwa.

Dada yangu akaacha kupepeta.

Justa akaitazama simu. Akafuta zile tarakimu moja moja, kuanzia ya nyuma, akairudisha simu kando ya mto, akasikiliza kipindi hadi mwisho. Kisha akaomba uji.

Wiki kumi zilizofuata sina cha kusimulia, na huo ndio uzuri wake. Karatasi ya tatu ilibadilishwa. Nani aliibadilisha na aliandika nini, Justa hakuulizwa. Donatus alitishia kuondoka kwa sababu ya zile dakika mbili, akaondoka, akarudi baada ya siku nane akisema huko alikokwenda walikuwa wanampokelea simu lakini hawakuwa wanamsikiliza. Presha ilipanda, ikashuka, ikapanda. Jumatatu moja ikapanda kabisa, akapelekwa Shinyanga mjini, na jioni hiyo hiyo akazaliwa mtoto wa kiume, kilo mbili na robo, mwenye sauti ya kuuzia mnadani. Akaitwa Marcel. Nilipendekeza Athanas, lakini nikaambiwa majina yalikuwa na mpangilio.

Nilikwenda kumwona Jumanne saa kumi na mbili jioni. Mtoto amelala kifuani, mama yake macho makavu, ananitazama.

"Kipindi kimetoka leo, Mjomba?"

"Kimetoka saa mbili asubuhi, kama kawaida."

"Kizuri?"

"Kizuri sana. Mzee amekusalimia humo kwa dakika mbili nzima."

"Waliniulizia? Marwa? Aneth? Hawakupiga hata kwa mama, kuuliza lolote? Hata faili la kipindi liko wapi, hawakuuliza?"

"Hawakuuliza kitu. Hata kwamba umejifungua walisikia kwa mumeo."

Midomo ikaanza kumcheza. Halafu machozi yakaanza kushuka, makubwa, yakidondokea kwenye shuka la hospitali, na mtoto akajinyonganyonga bila kuamka.

"Sasa unalia nini?" nikamwambia. "Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo nilivyotaka," akasema. "Niache nilie, Mjomba."

Nikamwacha.